Nani Anamtisha Karani?

Paka aliitwa Karani kwa sababu hakuweza kuona karatasi mezani asiikalie. Kwa miaka sita aliishi kama mtumishi mkongwe asiyeogopa kufukuzwa. Alilala miguuni kwa Bi Mkubwa wa nyumba hiyo, alikula alichopewa, aliiba alichonyimwa, na mgeni akipiga hodi yeye ndiye aliyetangulia kwenda kumnusa viatu. Kisha, ndani ya miezi michache, akageuka paka mwingine.

Aliyeligundua hilo alikuwa binti wa Bi Mkubwa, na wala si ajabu, maana kugundua ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kiwandani, walikoshona mashati, walimwita Jicho. Kwa miaka kumi na minane alikaa mwisho wa mstari, kwenye meza ya bati, akipitisha mikononi mwake kila shati kabla halijafungwa. Kola ikipinda, kifungo kikilegea, uzi ukining'inia, aliweka alama ya chaki, akapiga meza kwa kiganja mara mbili, pa! pa!, na fundi aliyelishona akajua kazi yake imerudishwa. Cherehani mia mbili zikinguruma kwa pamoja huwezi kumwita mtu kwa jina akasikia. Kiganja ndicho kilichosikika. Mafundi walikuwa wakiruka vitini. Jicho hakuwa na ubaya na mtu. Alitaka shati lililonyooka, basi. Lakini sauti yake ilikuwa imekomaa humohumo katika kelele, kiasi kwamba hata akikusalimu ungedhani umemkosea.

Miezi saba nyuma Bi Mkubwa alipata kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakapotea. Daktari alisema maneno huweza kurudi, kidogo kidogo, mradi mgonjwa asiharakishwe. Jicho alisikia kwamba huweza kurudi. Yaliyofuata hayakumkaa vizuri sikioni. Wiki ileile akatafuta mtu wa kumwangalia mama yake mchana, akampata mjane mmoja wa mtaa wa pili ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Shangazi, mwanamke mnene, mcheshi, mwenye mkono mwepesi na mdomo mwepesi zaidi. Shangazi aliingia asubuhi Jicho akitoka, akatoka jioni Jicho akiingia. Salamu zao zote zilikuwa za mlangoni.

Na ni kuanzia wiki hiyo, Jicho alipokuja kurudisha kumbukumbu nyuma, ndipo Karani alipoanza kuwa na mambo.

Jioni moja alimkuta chini ya kabati la vyombo, amejibanza ukutani mpaka amekuwa nusu ya ukubwa wake. Masikio yalikuwa yamelala nyuma. Mboni zilikuwa zimepanuka hadi rangi yote ya macho imekwisha, na mkia ameukunja kuzunguka miguu. Jicho aliinama, akanyoosha mkono. Karani akapuliza, khaa!, na manyoya ya mgongo yakasimama.

"Mimi?" Jicho akasema. "Mimi niliyekuokota sokoni hata macho hujafumbua?"

Kesho yake alimkuta juu ya kabati la nguo. Keshokutwa, nyuma ya pipa la maji. Karani akaanza kukojoa nje ya beseni lake la mchanga, yeye aliyekuwa msafi kuliko baadhi ya ndugu. Tumboni akajilamba mpaka manyoya yakaisha, pakabaki kipara chekundu. Chakula alichowekewa jioni kilikaa mpaka kikakauka pembeni.

Na Bi Mkubwa naye hakuwa akila. Hilo ndilo lililomkosesha Jicho raha. Mama yake alikuwa amekonda mpaka pete inamchezea kidoleni, na kila jioni ilikuwa vita. Jicho alichota supu, akapeleka kijiko.

"Fungua mdomo, Mama. Fungua. Haya, meza. Meza!"

Supu ikateremka kidevuni, ikaingia kwenye shuka iliyofuliwa jana yake, na mkono wa Jicho ukaenda wenyewe kwenye meza ya dawa, pa! pa!

"Mama, jamani! Unataka kufa na njaa?"

Haikuwa hasira. Ilikuwa hofu, na Jicho hakuwahi kujifunza namna nyingine ya kuogopa. Bi Mkubwa alimtazama, akafunga mdomo, na chakula cha jioni kikaishia hapo.

Asubuhi Shangazi akiulizwa, jibu lilikuwa lilelile.

"Jana mchana alikula?"

"Alikula, dada. Supu, na mkate kidogo. Alilamba na bakuli."

"Bakuli lote?"

"Lote. Tena aliniangalia kama kuna jingine."

Machale yakamcheza Jicho. Mtu anayemaliza bakuli mchana hawezi kukonda hivi. Basi ama supu ilikuwa inaingia mdomo mwingine, na kwa umbo Shangazi hakuwa mtu wa kutolewa kwenye orodha ya washukiwa, ama kulikuwa na jambo baya kuliko supu.

Mdogo wake wa kiume, aliyefanya kazi mji mwingine na kumuuguza mama yake kwa njia ya simu, alitia mafuta kwenye moto.

"Dada, kikulacho ki nguoni mwako. Wewe uko kazini kutwa nzima, huyo mwanamke yuko peke yake na mgonjwa asiyeweza kusema. Asiyeweza kusema, dada! Akifinywa atamwambia nani?"

"Usinitie wazimu."

"Mimi simo. Ila mwisho wa mwezi ukifika na Mama bado anakonda, nakuja kumchukua."

Jicho alikata simu. Nyumbani kwa mdogo wake kulikuwa ghorofa ya nne, ngazi tupu, na mke aliyekunja pua hata kwa mafua. Mama yao akipelekwa kule, hangerudi. Alikuwa na siku kumi na tisa za kumpata mbaya wake.

Jumamosi alimtia Karani kwenye kikapu chenye mfuniko, akampeleka kwa daktari wa mifugo, bwana mpole mwenye mikwaruzo mikononi hadi viwikoni. Daktari alimpapasa paka, akamtazama meno, akampuliza kidogo kwenye kile kipara cha tumbo.

"Huyu haumwi," akasema. "Huyu anaogopa."

"Anaogopa nini?"

"Nitajuaje mimi, dada? Kwani naishi kwako?" Akamrudisha Karani kikapuni taratibu. "Watu hudhani paka akiogopa atapiga kelele. Wengi wao hawalii. Anajificha. Anajilamba mpaka anajichubua. Anakojoa pasipo mahali pake, ili anuse harufu yake ajione bado yuko kwao. Na jambo moja zaidi. Paka hali mbele ya anayemwogopa. Njaa itamuuma, lakini hatainamisha kichwa. Akiinama hataona mkono unatokea wapi."

"Mkono?"

"Mkono, mguu, fagio, kelele, chochote. Kitafute. Ukikiondoa, atapona bila dawa yangu."

Katika yote hayo Jicho alitoka pale na neno moja tu, mkono. Na mwenye mkono alishamjua.

Akaanza uchunguzi kwa njia pekee aliyoijua. Kila alipomkuta paka amejificha aliweka alama ya chaki sakafuni: chini ya kabati, nyuma ya pipa, uvunguni mwa kitanda, pembeni mwa jiko. Aliamini alama zikiwa nyingi zitasema zenyewe, kama kule kiwandani anavyoweza kutazama rundo la mikono ya mashati iliyopinda akajua yote imetoka kwenye cherehani moja. Akipiga magoti kuweka chaki, Karani alimkodolea macho kutoka gizani na kurudi nyuma zaidi. Jicho alimwonea huruma sana. "Nitampata," alimwahidi kwa sauti yake ileile. "Subiri tu, nitampata."

Mama yake alimkagua pia, mabega, mapaja, mbavu, akitafuta alama za vidole. Hakupata hata moja, na hilo likamtia shaka zaidi, maana mjanja haachi alama. Alinusa vikombe. Alipima kina cha supu sufuriani kwa kijiti cha kiberiti. Siku moja alimwaga unga kiduchu kizingitini aone nyayo za nani zitaingia saa ngapi, na nyayo alizozikuta jioni zilikuwa za Shangazi, za Karani, na za Shangazi tena. Kutoka kwenye unga ule hakujifunza lolote isipokuwa kwamba unga haufutiki upesi.

Shangazi alipiga deki akizizunguka alama za chaki bila kuzigusa, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne uvumilivu ukamwishia.

"Dada, hizi chaki vipi? Tunavunja nyumba?"

"Ni mahali Karani anapojificha."

Shangazi akazitazama moja moja, ameegemea mpini wa fagio. "Mchana huwa hayuko huko."

"Yuko wapi?"

"Kitandani kwa Bi Mkubwa. Anakoroma."

"Mbona mimi simkuti kitandani?"

Shangazi akafungua mdomo. Kisha akaufunga, akachovya tambara kwenye ndoo, akalikamua muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

"Labda mnapishana, dada," akasema.

Jicho aliuona ule mdomo ulivyofunguka na kufungwa. Miaka kumi na minane alikuwa amewaona mafundi wakifanya hivyohivyo, shati liko mezani na kasoro wanaijua fika. Mtu mwenye neno la haki halimezi. Siku za mwizi ni arobaini, alijiambia, na za huyu zimetimia.

Alhamisi, kabla ya saa ya chakula, alimwendea msimamizi wake kuomba ruhusa.

"Unaumwa?"

"Siumwi. Nakwenda kufumania."

Msimamizi, ambaye hakujua kwamba Jicho hajakaa na mume kwa miaka kumi, alimpa pole nyingi na ruhusa ya siku nzima.

Alipofika nyumbani hakupita mbele. Alizunguka uani, akavua viatu karibu na kamba ya kuanikia, akatembea peku huku akiinama chini ya nguo mbichi mpaka kwenye dirisha la chumba cha mama yake. Alikwisha panga atakayoyasema, na majirani wangapi wayasikie. Alichokuwa hajakipanga ni namna atakavyovumilia kuuona huo mkono ukifanya kazi yake.

Alisikia kabla hajaona. Shangazi alikuwa anaimba, na alikuwa anaimba vibaya, kwa kujiamini. Alipofika katikati ya ubeti sauti nyingine ikamkatiza, nzito, yenye kusuasua, ikilivuta kila neno peke yake.

"Una... imba... kama... mbuzi."

Jicho akashika nondo za dirisha kwa mikono miwili. Ile ilikuwa sauti ya mama yake.

Akachungulia. Bi Mkubwa alikuwa ameketi, ameegemea mito, na kijiko amekishika mwenyewe kwa mkono wa kushoto. Supu ilikuwa imemwagika kwenye kitambaa cha kifuani, kwenye shuka, hata kwenye mkono wa Shangazi, na hakuna aliyejali. Shangazi alikuwa anacheka mpaka kiti kinalia. Na kando ya paja la Bi Mkubwa, chali, miguu minne hewani, kile kipara cha tumbo kikitazama dari, alilala Karani. Bi Mkubwa akamega mkate, akamwekea. Karani akajigeuza kivivu, akainamisha kichwa, akala.

"Mbuzi gani tena, Bi Mkubwa?" Shangazi akasema. "Wa maziwa au wa nyama?"

"Wa... nyama. Mnene."

Jicho alipaswa kufurahi, na furaha ilikuwepo, ila ilichelewa. Kilichotangulia kufika ni wivu. Mama yake alikuwa na maneno! Alikuwa nayo, tena ya utani, na alikuwa anampa mtu baki, huku yeye aliyelala tumboni mwake akirudi kila jioni kukabidhiwa kimya. Wamemficha. Wamekula njama ndani ya nyumba yake mwenyewe. Akauzunguka ukuta mbio, akausukuma mlango wa chumba ukagonga ukuta.

"Kumbe!" akapaza sauti. "Kumbe anaongea! Mnanificha tangu lini?" Na kiganja kikashuka kwenye meza ya dawa, pa! pa!

Karani alitoka kitandani bila kugusa shuka. Akagonga mguu wa kiti, akateleza, akapotelea chini ya kabati. Kijiko kikaanguka sakafuni na kuzunguka pale mpaka kikatulia.

Lakini si paka aliyemnyamazisha Jicho. Bi Mkubwa alikuwa amerudi nyuma kwenye mito mpaka hapakuwa na mahali zaidi pa kurudi. Bega lake lililo zima lilikuwa limepanda hadi sikioni. Mkono wa kushoto ameubana kifuani, mdomo ameufunga, na macho, makubwa, meusi, hayakumtazama binti yake usoni. Yalikuwa yanatazama kile kiganja, ambacho bado kilikuwa juu ya meza. Jicho aliujua mkao huo. Alikuwa ameuwekea alama za chaki nyumba nzima.

Akauondoa mkono mezani, hakujua auweke wapi.

Shangazi aliinama kwa shida, akaokota kijiko, akakifuta kwa upindo wa nguo yake. Alipozungumza, utani wote ulikuwa umemtoka.

"Mwezi wa pili huu anaongea, dada. Nilitaka kukwambia siku ileile, akanikataza."

"Mama ndiye aliyekataza?"

"Yeye."

"Kwa nini? Nimemfanya nini?"

Shangazi akamtazama Bi Mkubwa kama anayeomba ruhusa. Bi Mkubwa hakutoa wala hakunyima. Shangazi akashusha pumzi.

"Alisema nisubiri maneno yanyooke kwanza. Alisema wewe ukiona kasoro unarudisha."

Jicho alikuwa na mengi ya kujitetea. Alikuwa na kelele za kiwanda, na uchovu, na mdogo wake kwenye simu, na zile siku zilizokuwa zinahesabika. Alikuwa na mapenzi pia, mengi tu. Alimpenda mama yake kuliko kitu chochote kilichobaki duniani. Yote hayo yalikuwa kweli, na hakuna hata moja aliloweza kulisema mbele ya bega lile lililopanda.

"Nipe nimlishe," akasema mwishowe, na kwa mara ya kwanza sauti yake haikufika ukutani.

Shangazi alisita, akamtazama vizuri, usoni, kisha mikononi. Hakuwa na hakika, na hakujaribu kuficha kwamba hana hakika. Akampa bakuli lakini hakutoka kwenye kiti chake.

Jicho akapiga magoti kando ya kitanda. Akachota supu nusu kijiko, akaipeleka polepole. Hakusema fungua. Hakusema meza. Alisubiri mpaka mkono ukaanza kumwuma, na bado akasubiri, na chini ya kabati hakukusikika kitu. Bi Mkubwa alimpima kwa macho, mkono, uso, tena mkono. Mwisho akafungua mdomo kidogo, kama mtu anayemfungulia mgeni mlango bila kutoa mnyororo. Supu ikaingia. Nusu yake ikarudi, ikateremka kidevuni, ikadondoka kwenye shuka.

Hapo hapo Bi Mkubwa akafumba macho, akakunja bega, akangoja.

Jicho akamwona akingoja. Jioni zote zile alikuwa anaitazama shuka. Leo aliutazama uso. Akaliweka bakuli sakafuni kwa mikono miwili ili lisitoe mlio, akainamisha kichwa kwenye ukingo wa kitanda, akalia, akiwa ameuma shuka kwa meno kusudi kilio kisimtishe mtu.

Bi Mkubwa hakufumbua macho upesi. Alisikiliza kwanza, kwa muda mrefu, kama asiyeamini kwamba yamekwisha. Kisha, kwa taabu, neno kwa neno, akazungumza na binti yake kwa mara ya kwanza tangu augue.

"Leo... nime... kosa... nini?"